Pembe ndefu za Buha au zebu wa nyumbani Tabora: uchague nini kabla hujapakia dume

Wageni wanaopanda hadi kwetu, nje kidogo ya mji wa Kasulu huku Buha, nchi ya Waha, kuona ng'ombe wa pembe ndefu ni wa aina mbili. Wa kwanza huja kuona tu: wanapiga picha, wanakunywa maziwa, wanaaga na kushuka Kigoma. Wa pili nao huja kuona, lakini wakishasimama mbele ya dume letu kubwa kwa dakika kumi swali hubadilika: "Huyu mnamuuzaje?" Nawaandikia hao wa pili, hasa wanaotoka Tabora, kwa sababu nyumbani tayari wana ng'ombe. Wana zebu, wale wa pembe fupi na nundu. Wanachotaka kujua ni kama wawaache zebu wao walivyo, wawapandishe kwa dume la pembe ndefu, au waanze kundi jipya kabisa. Nimeulizwa hivyo mara nyingi, na nimeona waliochagua vizuri na waliochagua vibaya, mimi nikiwemo kwenye hao wa mwisho.

Mzee mmoja kutoka Urambo, Tabora, alifika kwetu mwezi wa sita, saa nane mchana, jua limewaka. Nilimwamkia, shikamoo mzee wangu, akaitika marahaba mwanangu huku macho yake yako zizini. Nilimshikia jike mmoja mpole, rangi ya damu ya mzee, akamshika pembe shinani kwa mikono yote miwili. Vidole havikukutana. Kisha akaiondoa mikono haraka.

"Mbona ya moto?"

Ni ya moto kwa sababu ina damu ndani. Ganda gumu tunaloliona ni la nje tu. Chini yake kuna mfupa, na mfupa huo una mishipa. Pembe nene hupitisha damu nyingi karibu na hewa, damu inapoa na kurudi mwilini, na ng'ombe anastahimili jua. Hilo ndilo jambo la kwanza mgeni alijue: ukubwa huo una kazi. Lakini pia una gharama, na gharama hiyo utaikuta nyumbani kwako, hutaiona hapa kwetu.

Ni ng'ombe gani hasa

Kwa jina la kitabuni wanaitwa Ankole, jina la upande wa Uganda. Rwanda wale wa pembe kubwa zaidi, waliokuwa wa mfalme, huitwa Inyambo. Mzee wa Kiha atakuambia tu "inka", yaani ng'ombe, basi. Wamekuwa kwenye vilima vya Buha tangu enzi za mamwami, yaani wafalme, na ng'ombe ndiye aliyewaunganisha watu: aliyepewa ng'ombe alibaki na wajibu kwa aliyempa, kwa mapatano yaliyoitwa ubugabire. Hapa Tanzania utawakuta Kigoma na Kagera. Tabora haikuwa nchi yao. Huko ni kwa zebu wa pembe fupi, mwenye nundu kubwa begani, anayefugwa na Wanyamwezi na Wasukuma. Ankole naye ana damu ya zebu ndani yake, ila ilichanganyika zamani sana na ya ng'ombe wasio na nundu, ndiyo maana nundu yake ni ndogo na imesogea kuelekea shingoni.

Vijana hunionyesha kwenye simu picha za Texas Longhorn wa Marekani wakidhani ni ndugu wa hawa. Siyo. Wale wametokana na ng'ombe wa Wahispania waliovushwa bahari kuanzia 1493, wakaishi porini kwa vizazi, na ilipofika 1927 walikuwa wamebaki wachache hata Bunge la Marekani likatenga fedha za kuhifadhi kundi moja kwenye milima ya Wichita, jimbo la Oklahoma. Pembe zao hutanda pembeni, ni nyembamba kuliko za kwetu. Za Ankole hupanda juu na ni nene shinani. Wapo Ankole waliofika Marekani kupitia bustani za wanyama za Ulaya, wakaitwa Watusi, na mmoja wao alipimwa mwaka 2003 mzingo wa pembe sentimita 103.5. Kwa urefu kutoka ncha hadi ncha, Texas Longhorn mmoja wa Alabama alipimwa mwaka 2019 akazidi mita 3.2. Huyo alikuwa maksai. Hapo naomba usimame kidogo, kwa sababu jambo hili linamhusu anayenunua: dume akihasiwa mapema pembe zake huendelea kurefuka kuliko za dume wa mbegu. Pembe ndefu kuliko zote ulizoziona kwenye picha huenda ni za mnyama asiyezaa. Ukija kwetu ukadai dume lenye pembe kama zile, unadai kitu ambacho hata wenye zile hawakukipata kwa dume.

Mwili, maziwa, kazi

Jike la Ankole lililokomaa hufika kilo 300 hadi 400, wengine wakapita. Zebu jike wa kwetu Tanzania yuko kati ya kilo 200 na 300. Kwa hiyo Ankole ana nyama zaidi, lakini pia anakula zaidi, na mnadani hakuna anayelipia pembe. Mnunuzi wa nyama anatazama kiuno na paja.

Maziwa yasikudanganye. Kwa malisho ya porini, bila pumba wala mashudu, tarajia lita moja au mbili kwa siku baada ya ndama kunyonya, iwe Ankole au zebu. Tofauti iko kwenye mafuta. Maziwa ya Ankole yakilala kwenye kibuyu, asubuhi unakuta utando mnene juu, na samli yake ina harufu ambayo mtu wa Kasulu anaitambua akiwa bado mlangoni. Kama shida yako ni kuuza maziwa mjini Tabora, usichague kati ya hawa wawili. Tafuta chotara wa Friesian, uwe na maji na majani ya kukata, tumalize.

Kazi ndiyo inayowatofautisha sana. Tabora watu wanalima tumbaku, mahindi na karanga kwa maksai, wanabeba mazao kwa mkokoteni. Huku Buha, kwenye miteremko, jembe la mkono ndilo lililozoeleka, na hakuna aliyewachagua hawa ng'ombe kwa ajili ya plau. Nira ya kawaida ni fupi. Ukiwafunga Ankole wawili bega kwa bega pembe zinagongana, mmoja anainamisha kichwa upande, shingo inachubuka, na mfereji unakwenda kombo. Zebu wawili unawafundisha kwa msimu mmoja na watoto wanaweza kuwaongoza. Kama maisha ya nyumbani kwako yanategemea plau, zebu wako wabaki, na sioni hoja ya kuniondoa hapo.

Kuhusu tabia, Ankole anashinda. Ni mtulivu, anazoea sauti ya mchungaji, anafuata. Lakini hata mtulivu hutikisa kichwa kufukuza nzi, na kichwa hicho kina mita moja ya pembe kila upande. Mgeni ukija simama usawa wa bega, usisimame mbele, na usipite kati ya mama na ndama. Mtoto mdogo abaki nje ya uzio.

Krashi na lori

Hili watu hawaliulizi mpaka siku ya kupakia. Krashi nyingi za vijijini, zile njia nyembamba za kumbania ng'ombe anapotibiwa, na njia za majosho zimejengwa kwa kipimo cha zebu. Ankole hawezi kuingia amenyoosha kichwa. Aliyefundishwa anajipinda kama mtu anayepitisha godoro mlangoni, pembe moja kwanza, halafu nyingine. Asiyefundishwa ananasa, anashtuka, na hapo ndipo pembe huvunjika karibu na shina. Ikivunjika hapo damu ni nyingi na tundu hufunguka hadi ndani ya paji la uso, nzi wanaingia. Kama josho la kijiji chako ni jembamba, jiulize utawaogesha wapi. Sisi tunawanyunyizia kwa bomba la mgongoni, na kila wiki ni kazi ya nusu siku.

Kwenye lori ni hivyohivyo. Wanaokwenda minadani hupanga zebu kama kuni. Ankole ukiwapanga hivyo wanatobolana mbavu na ngozi inaharibika. Inabidi uchukue wachache, na nauli ileile inagawanywa kwa vichwa vichache zaidi.

Mbung'o, kupe, na kosa langu

Sasa nifike pale ambapo uamuzi mwingi wa wageni wa Tabora unapaswa kufanyika.

Miaka kadhaa iliyopita nilimpa shemeji yangu wa Kaliua dume la miaka mitatu. Lilikuwa zuri, rangi ya kahawia iliyokolea, mama yake alikuwa hakauki maziwa hata kiangazi. Nilimpakia mwezi wa kumi na mbili, mvua imeshaanza, kwa lori la mtu aliyeniahidi kufika siku hiyohiyo. Lori liliharibika kwenye msitu mbele ya Malagarasi, likalala hapo siku mbili. Mbung'o walimla lile dume siku mbili mfululizo. Sikuwa nimemchoma sindano ya kinga ya ndorobo, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, kabla ya safari, kwa sababu hapa kwetu kilimani sikuwa nimezoea kuchoma. Januari alianza kukonda huku anakula. Machozi, manyoya yamesimama, tezi zimevimba. Shemeji akadhani ni ugeni wa majani. Alipoita daktari wa mifugo ufizi ulikuwa mweupe kama karatasi. Alikufa mwezi wa tatu. Shemeji hajanilaumu hata siku moja, na hilo linaniuma zaidi.

Nilichojifunza ni hiki. Ankole hana kinga ya asili dhidi ya ndorobo, ni dhaifu kwake. Zebu naye huugua, lakini zebu wa Kaliua amezaliwa Kaliua. Mwenyewe unajua ni njia gani hupitishi ng'ombe mchana, ni mwezi gani unachoma. Ankole wa Kasulu anaingia huko kama mgeni asiye na kitu.

Kwa hiyo usiseme "Tabora" kwa jumla. Urambo, Kaliua na Sikonge kuna misitu ya miombo, majani mengi na mbung'o. Ukileta pembe ndefu huko weka kwenye hesabu sindano ya kinga kila baada ya miezi miwili au mitatu, kwa ratiba atakayokupangia daktari wa mifugo, na dawa ya kupaka ya kuua mbung'o. Igunga na Nzega ni nchi iliyofunguka, mbuga na mashamba, mbung'o si tatizo kama huko. Lakini kule shida yake ni maji na majani kuanzia Agosti hadi mvua za Novemba. Ng'ombe mkubwa zaidi anahitaji zaidi. Zebu anakwenda mbali hadi lambo na kurudi, anakula mabua, anakonda lakini hafi. Kama una ngitili, yaani malisho uliyoyatenga kwa ajili ya kiangazi, umeitunza, haijaliwa na ng'ombe wa jirani mpaka mwezi wa nane, basi Igunga naona inawezekana. Bila ngitili nakushauri usijaribu.

Ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe, ipo pande zote mbili. Tahadhari yangu ni kwa mnyama aliyelelewa kwa kuogeshwa kila wiki tangu ndama, kama wa kwetu: hajakutana na kupe wengi, na akifikia kwenye kundi lisilooga ataugua. Muulize anayekuuzia, hata akiwa mimi: mnaogesha mara ngapi? Amechanjwa ndigana? Chanjo ya homa ya mapafu je? Na akifika kwako mtenge zizi la peke yake kwa siku 30 kabla ya kumchanganya, kwa ajili yake na kwa ajili ya wa kwako. Kibali cha kusafirisha kutoka kwa afisa mifugo kisikosekane. Kinakulinda barabarani, na kabla ya kukitoa mtu anayejua anamtazama mnyama.

"Nitapandisha zebu wangu, nipate pembe"

Hili ndilo tumaini la kawaida, na ni hapa ninapowakatisha wageni tamaa zaidi. Dume la Ankole kwa jike la zebu litakupa chotara wa pembe za kati. Ni ng'ombe mzuri tu, ana mwili, lakini ukimweka kwenye picha hakuna atakayeuliza bei. Ili upate pembe inabidi umpandishe tena binti yake kwa dume jingine la Ankole, na binti wa huyo tena. Jike hubeba mimba miezi tisa, na kwa malisho yetu huzaa mara ya kwanza akiwa na miaka mitatu na nusu au minne. Piga hesabu mwenyewe. Kizazi cha tatu kitazaliwa mwaka wa nane au wa tisa, na pembe zake zitahitaji miaka mingine minne kusimama. Hiyo ni miaka 12 na kitu. Na si kwa dume lilelile, kwa sababu likifika mwaka wa tatu kwako mabinti zake wanaanza kupata joto, na ukiliacha litawapanda.

Kama unataka tu mwili mkubwa zaidi kwa zebu wako, dume la Boran, aina ya zebu mkubwa, litakufaa kuliko la kwetu. Linahimili ukame, pembe zake hazisumbui lori. Nasema hivi na mimi ndiye ninayeuza Ankole.

Kama unazitaka pembe zenyewe, kwa kuwa unazipenda na una uwezo wa kuzitunza, basi zebu wako waache na kazi yao na uanze na mitamba wawili wa Ankole safi. Dume lije baadaye. Mitamba wakishindwa na mazingira yako umepoteza kidogo na umejua. Dume likifa umepoteza mbegu yote, kama nilivyoipoteza mimi.

Uje lini, utazame nini

Anayekuja kuona tu aje Februari au Machi. Vilima ni vya kijani, ng'ombe wanang'aa, ingawa njia ya kwetu ina tope. Afike saa kumi na mbili asubuhi, wakati wa kukamua, au saa kumi na moja jioni wanaporudi, pembe zinatangulia kuonekana juu ya majani kabla ya vichwa. Maziwa tutakupa yaliyochemshwa. Wapo wanaong'ang'ania mabichi kwa ajili ya "utamaduni". Ugonjwa wa kutupa mimba unahama kutoka kwa ng'ombe kwenda kwa mtu kupitia maziwa hayo, kwa hiyo hapana.

Anayekuja kununua aje Septemba. Kila ng'ombe anapendeza Machi. Septemba utamwona nani amebaki na mgongo wa nyama na nani amebaki mifupa, kwenye malisho yaleyale. Tazama mdomo: meno mawili makubwa mbele chini ni kama miaka miwili, manne ni karibu mitatu, yakitimia manane amefika minne au zaidi. Pembe nazo zina pete za umri, lakini pembe husuguliwa zikang'aa na pete zikapotea. Meno hayasuguliki. Kwa dume, papasa makende yote mawili, yawe sawa na magumu kiasi. Omba apimwe damu. Halafu, kuliko yote, omba kumwona mama yake. Muuzaji akikuambia mama yuko mbali, na wewe endelea na safari.

Mzee wa Urambo mwezi ule wa sita hakununua. Tulikaa chini ya mwembe nikamweleza haya yote. Akauliza hasa kuhusu mbung'o, na nilipomsimulia dume la Kaliua alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Pole sana mwanangu." Alirudi Septemba na kijana wake. Alikataa mtamba niliyedhani atampenda, mwenye pembe zilizofungua vizuri kama kinubi, kwa sababu mama yake alikuwa amekauka tangu Julai. Akachukua wawili wa pembe za kawaida, mmoja akiwa na mimba ya miezi mitano. Tuliwachoma sindano, tukasubiri zile siku alizosema daktari, wakapakiwa saa moja jioni ili wavuke Daraja la Kikwete la mto Malagarasi na ule msitu usiku, mbung'o wametulia.

Mwezi wa pili alinipigia. Yule mwenye mimba amezaa jike. Mwenzake ametibiwa ndorobo mara moja, amekonda lakini anakula. Zebu wake wamemaliza kulima ekari za mahindi. Kisha akauliza kama tuna dume dogo, la mama mwingine, asiyekauka maziwa mapema. Nimemwambia lipo, lina mwaka mmoja, aje alitazame Septemba.